Nimekula Duka Likiwa Ua

Kwetu Nyaishozi, wilayani Karagwe, siku hizi hakuna mtu asiye na kazi. Wote ni wajasiriamali. Kijana anayeshinda chini ya mparachichi akiperuzi simu ni mjasiriamali anayesubiri mtaji. Bodaboda aliyelala chali juu ya pikipiki yake ni mjasiriamali wa sekta ya usafirishaji. Mama anayekaanga maandazi kando ya barabara, ambaye miaka yote tulimwita muuza maandazi, naye kapandishwa cheo, ingawa bei ya andazi haikupanda naye. Na mimi, karani niliyepunguzwa kazini nikiwa na miaka 49, nimo kwenye orodha hiyo mwaka wa tatu sasa. Nina duka. Ukitaka kujua linaendeleaje, vuta kigoda.

Nianze na neno lenyewe. Waliolitunga walichukua ujasiri wakauunga na mali. Kwa upande wa ujasiri sina neno, ninao wa kutosha na wa kugawa. Tatizo ni mpangilio: ujasiri umetangulia, mali inafuata, na hakuna aliyetuambia inafuata kwa umbali gani. Mimi bado naangalia barabara.

Kisa kilianzia kwenye semina, pale Kayanga. Kiingilio shilingi 10,000, soda na chapati ndani yake. Mwezeshaji alivaa suti ya buluu na viatu vyenye ncha ambavyo ungeweza kutobolea gunia la maharage. Hakutuuliza tunafanya biashara gani. Alituamuru tusimame, kila mtu amgeukie jirani yake amwambie, "Wewe ni milionea!" Nikamgeukia jirani yangu, mzee mmoja mwenye koti la mvua, nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nina elfu mbili nimwazime, arudi nayo nyumbani.

Tukaambiwa umaskini uko kichwani. Nikajipapasa kichwa, nikakuta kipara tu. Ilipofika saa ya maswali nikanyoosha mkono: "Mwalimu, mfuko wa sukari nikiununua hapa Kayanga nikaupeleka Nyaishozi, niuze kilo bei gani ili nauli irudi na faida ibaki?" Akatabasamu kama daktari mbele ya mgonjwa wa kuombewa. Akasema, "Huyu bado ana mtazamo wa duka. Sisi tunataka mtazamo wa himaya." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi, nikijizomea mwenyewe bila kujua.

Basi nikarudi nyumbani na himaya yangu kichwani, nikafungua duka. Sukari, chumvi, sabuni za mche, mafuta ya kula ya kupima, viberiti, daftari za watoto. Lilikuwa duka la nne katika mstari ule ule, likiuza vitu vile vile vya yale matatu. Nikaulizwa na mama watoto, "Sasa wateja wataacha kwa nani waje kwako?" Nikamjibu kuwa ana mtazamo wa duka.

Akiba yangu yote iliishia kwenye rafu. Nikaanza kutafuta mkopo. Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilijumlisha mara tatu, kwa kalamu na kwa vidole. Nne na nne na mbili ni kumi kamili. Mwanamume mzima wa umri wangu hayupo hata kwenye desimali. Mikopo yenyewe ikasimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024, na iliporudi nami nilikuwa bado mwanamume na nimezidi kuzeeka. Sitanii nikisema kuna usiku nilifikiria kughushi uanamke.

Ikabaki kausha damu. Ndugu msomaji, jina peke yake lilitosha kunionya. Mtu mwenye akili zake haendi kukopa mahali ambapo hata wakopaji wenyewe wamepapa jina hilo. Lakini mimi nilikuwa jasiri. Nikachukua 300,000, nirudishe 30,000 kila Jumanne kwa wiki 12. Karani mimi, niliyejumlisha vitabu vya watu miaka nenda rudi, sikupiga hesabu kwamba hiyo ni 360,000 ndani ya miezi mitatu. Nchi ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha tangu mwaka 2018, na Benki Kuu imesema riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Mimi nililipa zaidi ya mara mbili ya hapo, na nikasema asante.

Lakini riba siyo iliyoniua. Iliyoniua ni Jumanne.

Ngoja nieleze. Huku kwetu pesa ina msimu, kama senene. Kahawa inaanza kuvunwa Mei, ndipo watu wanaonekana na noti. Kabla ya hapo, kuanzia Januari, mteja anakuja dukani na maneno matupu: "Niandikie, waitu, nitalipa msimu." Nikaandika. Jirani, nusu ya sukari, msimu. Mwalimu wa kwaya, mafuta vipimo viwili, msimu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, sabuni, chumvi, sukari, kiberiti, betri za tochi na daftari sita za watoto, msimu. Shemeji peke yake alifikisha shilingi 14,300. Kwa hiyo wateja wangu wananilipa mara moja kwa mwaka, na mimi namlipa mkopeshaji mara moja kwa wiki. Kila Jumanne saa nne asubuhi pikipiki inanguruma nje, na mimi nina daftari lililojaa pesa isiyoshikika.

Na usidhani Karagwe tumeanza biashara jana. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo chao pale Kafuro, wakitokea pwani kupitia Tabora, wakifuata pembe za ndovu. Mzungu Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861 alikuta njia hiyo imeshakanyagwa. Na wengi wa wale jamaa hawakuwa na mtaji wao. Nguo na shanga walizobebesha wapagazi walikuwa wamekopeshwa na matajiri wa Kihindi wa Unguja. Mali kauli, kwa lugha ya leo. Lakini tazama busara ya mkopo ule: tajiri wa Unguja alijua safari ni ndefu, akangoja pembe zirudi. Hakumtuma mtu Tabora kila Jumanne.

Hilo ndilo jambo ambalo yule mwenye viatu vya ncha angetuambia kwa dakika tano tu, kisha aendelee na umilionea wake: mkopo uendane na siku pesa yako inapoingia. Ukiuza kwa msimu, kopa kwa msimu. Ukikopa kwa wiki, uza kwa taslimu. Soda na chapati tungekunywa na kula kwa amani.

Tena kudai nako ni fani, na mimi sikuzaliwa nayo. Zamani hapa Kagera watu wakichanjiana undugu waligawana buni mbili za tunda moja la kahawa, zimepakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake, na tangu siku hiyo hakuna kunyimana. Wadaiwa wangu hawakumeza chochote zaidi ya sukari yangu, lakini undugu wanaujua kuliko waliochanjiana. Nikimfuata jirani kumdai, ananikaribisha ndani, ananipa kahawa ya kutafuna, ananiuliza habari za mama na watoto mmoja mmoja kwa jina. Nikifika mlango wa kutokea nimesahau kilichonileta. Juzi nilikwenda kudai 6,000 nikarudi na mkungu wa ndizi na ahadi ya kusimamia kipaimara.

Halafu kuna mambo ya kisasa. Zamani ulikaa barazani ukamwona mdaiwa wako akipita na gunia la kahawa begani, ukamfuata taratibu hadi kwenye chama. Sasa kahawa inauzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi, pesa inaingia benki au kwenye simu bila kelele. Mtu anapokea laki nne akiwa amesimama mbele yako, anakuuliza sabuni bei gani, na usoni habadiliki kitu.

Sasa nifike kwenye kilichonitoa jasho. Huku tuna kitu kinaitwa butura. Mkulima ana shida ya karo, mbuni bado una maua. Anakuja mjanja, anampa pesa kidogo, na mavuno ya ua lile yanakuwa ya mjanja. Msimu ukifika, kahawa inakauka uani kwa mkulima, lakini si yake. Serikali imepiga marufuku mara nyingi, viongozi wamekemea, na maua yanaendelea kuuzwa usiku. Mimi butura naichukia. Nina hotuba yangu kamili juu yake, ya dakika ishirini.

Siku moja mzee wa kitongojini akaja kununua sabuni. Nikasikia kauza ua tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

"Mzee wangu, nasikia umeuza ua mwaka huu nao."

"Karo ya mjukuu, waitu."

Nikafungua hotuba. Nikaeleza jinsi mtu anayeuza ua anavyokula kesho yake leo, jinsi asivyojua thamani ya mavuno, jinsi asivyo na subira. Mzee alinisikiliza ameegemea fimbo yake. Nilipokuwa kwenye dakika ya kumi na mbili, binti yangu wa mwisho akaingia kwa mlango wa nyuma, akachota sukari kwenye mfuko kwa kikombe, akachukua kiberiti na kipande cha sabuni, akatoka. Dakika mbili baadaye akaja kaka yake akachukua 1,000 kwenye droo: "Mama kasema ya nyanya." Mzee akafuatisha kwa macho kila mmoja wao hadi mlangoni. Kisha akaweka 500 yake juu ya meza, akachukua kipande chake cha sabuni, akasema kwa upole:

"Mwanangu, mimi nimeuza ua kwa mtu baki, na alinilipa. Wewe la kwako unalila mwenyewe."

Akaniacha na dakika sita za hotuba zilizobaki.

Usiku ule nilitoa kalamu. Mfuko wa sukari wa kilo 50 nilinunua 140,000, nikausafirisha kwa 3,000. Jumla 143,000. Nauza kilo kwa 3,000, kwa hiyo kilo 50 ni 150,000, faida 7,000. Hesabu hiyo ndiyo niliyokuwa natembea nayo kifua mbele. Lakini kwangu tupo saba, na chai ya kwetu inataka sukari. Robo kilo inatoka dukani kila siku. Mfuko ule ulikaa siku 12. Robo mara 12 ni kilo 3. Zilizouzwa ni 47. Na 47 mara 3,000 ni 141,000. Nilinunua kwa 143,000, nikauza kwa 141,000. Hapo sijagusa iliyomwagika sakafuni, wala iliyoandikwa msimu.

Nikamwamsha mama watoto. Nikamwonyesha. Akaitazama karatasi kwa usingizi, akasema, "Kwani hukujua? Mimi nilidhani ndiyo himaya."

Nikakumbuka na lile la mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchi nzima. Nilikuwa na mfuko wa zamani, nikaumaliza kwa bei ya zamani, huku watu wakinisifu kwa utu. Nilipokwenda kununua mwingine, pesa yote ya mfuko mmoja haikutosha mfuko mmoja. Niliuza kwa bei ya jana, nikanunua kwa bei ya kesho. Sifa za utu bado ninazo, nimeziweka rafuni mahali palipokuwa na sukari.

Nikaapa kuandika safu hii niseme mambo ya mtazamo ni upuuzi mtupu, na anayetaka biashara ajue kujumlisha, basi. Bahati mbaya nina mpwa yuko chuo. Akaniambia, "Mjomba, ngoja kwanza," akatoa simu. Kumbe kule Togo watafiti waliwachukua wafanyabiashara wadogo 1,500. Kundi moja likapewa mafunzo ya kawaida ya biashara, kundi lingine mafunzo ya kujituma yaliyobuniwa na wanasaikolojia, la tatu halikupewa kitu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science: waliofunzwa kujituma, faida yao ilizidi ya wasiofunzwa kwa asilimia 30. Wale wa mafunzo ya kawaida ilizidi kwa asilimia 11 tu, tofauti ambayo huenda ilikuwa bahati.

"Kwa hiyo yule mwenye viatu alikuwa sahihi?" Nilisikia uchungu wa ile 10,000 upya.

"Hapana, mjomba. Hawa hawakuambiwa wao ni mamilionea. Walifundishwa kutafuta kitu ambacho jirani hauzi, kujiwekea lengo, na kufikiria kikwazo kabla hakijafika."

Nikatazama nje. Maduka matatu yalikuwa wazi, yote yananing'iniza sabuni ile ile. Nikamwambia mpwa azime simu, inakula chaji.

Hakuzima. Akaendelea: Jamhuri ya Dominika nako waliwajaribu wafanyabiashara wadogo. Wengine wakafundishwa uhasibu kamili, wengine wakapewa kanuni nyepesi za mkononi, kama vile pesa ya biashara iwe na droo yake na ya nyumbani iwe na yake. Ripoti ya mwaka 2014 ikasema uhasibu kamili haukuleta mabadiliko ya maana, ila wale wa droo mbili mahesabu yao yalinyooka. Kusikia hivyo karani mimi nilitamani kulia. Elimu yangu yote imeshindwa na droo.

Lakini ukifikiri, aibu ni yetu wote. Hadi mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ilikuwa ndani ya Karagwe, ikaonekana eneo ni kubwa mno, wakakaa, wakagawa, kila moja na ofisi zake na bajeti yake. Ikiwa wilaya nzima yenye milima na watu wake iligawanyika bila kumwaga damu, mimi nashindwaje kugawa mfuko wa suruali?

Basi nina makopo mawili sasa. La maziwa ya unga ni la duka, la majani ya chai ni la nyumba. Kila Jumamosi duka linanilipa mshahara mdogo, mdogo kuliko niliokuwa naulalamikia nikiwa karani. Sukari ya nyumbani tunanunua. Ndiyo, binti yangu anakuja na hela mkononi, ananunua robo kwa baba yake, na ananisubiri nimrudishie chenji. Siku ya kwanza mama watoto alininunia hadi usiku. Wiki ya pili yeye ndiye aliyekuwa analinda kopo, na sasa nikitaka 500 ya kahawa lazima nieleze matumizi. Wanaoomba kuandikiwa nawaambia daftari liko kwa mama. Hakuna aliyewahi kwenda.

Nikatafuta na hicho ambacho jirani hauzi. Wakati wa mavuno wengi wanaanika kahawa chini, inachanganyika na mchanga, inashuka daraja. Nikanunua maturubai mawili, nakodisha 1,000 kwa siku, taslimu mkononi kabla turubai halijatoka. Yamerudisha pesa yake, yameanza kuleta yao. Himaya haijaonekana. Ila tangu Aprili sijamwona mtu wa Jumanne, na hilo nalihesabu kuwa utajiri.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu, na wala sikutozi kiingilio. Ujasiri unao, tumezaliwa nao. Nenda katafute makopo mawili na kalamu moja. Usikope kwa wiki kama wateja wako wanalipa kwa msimu. Angalia jirani anauza nini, uuze kingine. Na ukila faida, hakikisha kwanza imeiva.

La mwisho ni lako, shemeji. Najua safu hii unaisoma, maana gazeti unaliazima kwangu. Kahawa yako nimeiona, imekauka vizuri sana. Turubai lililo chini yake ni langu. Ni shilingi 14,300.